Nitawashika

Cheche alianza kupigana kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na asije mtu akasema alizaliwa hivyo. Nyumba aliyokulia ilikuwa nyumba ya kipigo. Baba yake, dereva wa lori, alikuwa anarudi safari na hasira zote za barabarani, na sababu hakuhitaji: chai iliyopoa, mlango uliochelewa kufunguliwa, mtoto aliyekohoa wakati yeye anasinzia. Mama alipigwa, meza ikapigwa, na paka akijipitisha vibaya naye alipata zake. Majirani walikuwa wanaongeza sauti ya redio.

Aliyekuwa anasimama katikati ni kaka yake. Ndevu zenyewe zilikuwa bado za kutafuta kwa kioo, lakini alikuwa anafanya mazoezi kwenye ukumbi wa ngumi nyuma ya kituo cha mafuta, na mtaa mzima ulishaanza kumwita Bondia. Siku baba alipomwinulia mama kigoda, Bondia angeweza kumlaza mzee kwa ngumi moja, na kila mtu alijua. Hakumpiga. Alimwingia kifuani, akamzungushia mikono, akaibana mikono ya baba ubavuni, akaweka kidevu chake begani mwa mzee na kuganda hapo. Baba alitukana mpaka matusi yakamwishia, akapiga mateke, akamng'ata mwanawe sikio. Bondia hakuachia. Pumzi zilipomkauka mzee, kigoda kilidondoka chenyewe.

Baadaye, damu ikimchuruzika shingoni, Bondia alimkuta mdogo wake wa kike amejikunja kwenye ngazi ya nyuma. Alikaa karibu naye, akamwambia kitu ambacho Cheche hakukisahau.

"Ukizidiwa, shika. Usirudi nyuma, ukirudi nyuma unampa nafasi ya kukunja mkono. Ingia ndani umshike. Mtu aliyeshikwa hapigi."

Tangu hapo "shika" likawa neno lao la nyumbani. Lori likinguruma nje, mama alisema polepole tu, "Shika, mwanangu," na Bondia akasogea mlangoni. Baba alipofariki, lori lake limepinduka kwenye kona, neno lilibaki. Mama alilisema sufuria ikitaka kumwagika. Cheche alilisema akiwa na homa.

Lakini Cheche mwenyewe, kushika alikuwa hakuwezi. Alilijua neno, akalipenda, ila mikono yake ilikuwa haitaki. Yeye alikuwa mtu wa kupiga. Alimpiga mtoto wa jirani kwa kumwita mama yake gunia la mazoezi. Alimpiga kondakta kwa kumshika kiuno. Shuleni alimvunja pua monita, na mwalimu alipokuja kuamulia, naye akapata kiwiko cha bahati mbaya ambacho hakikuwa cha bahati mbaya hata kidogo. Jina la Cheche alipewa hapo, kabla hajawahi kugusa mashine ya kuchomelea. Alipokuja kujifunza kuchomelea vyuma, watu walisema sasa jina limepata mwenyewe.

Aliyemsomesha ni Bondia. Ngumi zilikuwa hazimlishi mtu, kwa hiyo alijifunza kunyoosha bodi za magari yaliyogongwa, akavuka mpaka, akapata kazi kwenye gereji moja nchi jirani. Huko alikuwa anakula mara moja ili dada yake ale mara tatu, na akimpigia simu anadanganya kwamba amenenepa. Cheche alimaliza chuo cha ufundi nyumbani akiwa wa kwanza, akapata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, nchi ya baridi, kwenye chuo kinachofundisha kuchomelea mabomba makubwa na mabamba ya meli. Alikuwa msichana peke yake darasani. Mtu mmoja alijaribu kumcheka mara moja, na hakurudia.

Basi, akiwa huko ng'ambo, ndipo nchi jirani ikaingia kwenye uchaguzi.

Hiyo nchi haikuwa yake, na wala Rais wake hakumhusu. Lakini kaka yake alikuwa ndani yake, na mgombea aliyekuwa anaongoza alikuwa amepata wafuasi kwa kuwalaumu wageni. Yeye mwenyewe jukwaani alikuwa anatabasamu tu na kupunga mkono. Waliokuwa wanasema ni vijana wake, waliokuwa wanatembea na ngoma mitaani wakiimba: "Shika mgeni, shika! Tutawashika!" Alipotangazwa mshindi, nyimbo zikageuka kazi. Duka la mgeni mmoja lilichomwa na yeye akiwa ndani. Fundi cherehani aliyetoka mtaa mmoja na akina Cheche alirushwa kutoka ghorofani na cherehani yake ikarushwa nyuma yake. Mwanamke aliyekuwa akiuza vitumbua alikokotwa kwa nywele mpaka kwenye mtaro. Picha zilikuwa zinamfikia Cheche kwenye simu akiwa karakana ya chuo, na alikuwa akishusha kinyago cha kuchomelea usoni ili wenzake wasimwone akilia.

Bondia alikuwa hai. Tajiri wake, mwenye gereji, mzee wa hapo hapo ambaye mafundi walimwita Mzee Rangi, alikuwa mtu wa watu. Alimfungia ndani ya chumba cha kupulizia rangi magari, chumba kisicho na dirisha, akaegesha mkweche wa basi dogo mbele ya mlango, akamwachia maji na mkate, akaenda kwake kusubiri mji upoe. Kwa nje ungedhani gereji imehamwa. Bondia alikuwa na simu tu, na alikuwa anaizima ili chaji isiishe. Aliiwasha asubuhi ya siku ya kuapishwa, akampigia mdogo wake kwa kunong'ona.

"Cheche, humu sina redio, na ningekuwa nayo nisingeiwasha, watasikia. Wewe huko una televisheni. Yule bwana akila kiapo lazima aseme kitu kuhusu sisi. Akisema jema, nakaa humu mpaka Mzee Rangi arudi. Akisema baya, basi askari wataanza kupekua gereji moja moja, na heri nitoke kabla. Nitapanda ukuta wa nyuma, mpakani si mbali. Mimi nitafanya utakachoniambia."

"Mimi?"

"Wewe. Sikiliza vizuri, mdogo wangu."

Hapo ndipo shughuli ilipokuwa. Roho ya mtu mzima, mwenye ngumi zake na akili zake, iliwekwa kwenye masikio ya msichana aliye mbali, kwenye bweni la watu.

Ukumbi wa bweni ulikuwa chini, karibu na chumba cha kufulia. Viti vya plastiki, zulia lililonata soda, na televisheni iliyotundikwa ukutani ndani ya kizimba cha nondo, kwa sababu ya zamani iliibwa. Cheche alishuka mapema akaishikilia rimoti. Kuna waliotaka mpira, akawatazama wakaondoka. Waliobaki walikuwa wachache, na kati yao wa kuielewa lugha ya ile sherehe, ambayo ndiyo ya kwa akina Cheche pia, walikuwa wa nchi yenyewe. Mkubwa wao alikuwa kijana wa shahada ya siasa, mwenye tai hata siku za mapumziko, aliyekuwa anaitwa Mheshimiwa na akafurahi. Alikuwa mfuasi wa Rais mpya, kindakindaki. Alikuja na wenzake, akakaa mstari wa mbele, akamwambia Cheche aongeze sauti kana kwamba anamwagiza mhudumu. Cheche aliongeza, kwa sababu alitaka kusikia.

Uwanja ulikuwa umejaa hadi kwenye paa. Nje ya uwanja, kamera ilionyesha, watu walikuwa wamefunga barabara wakitazama kwenye viwambo vikubwa, na wengi walikuwa na marungu, wazi kabisa, mtu ameegemea rungu lake kama mwavuli. Jaji alitoka. Rais akainua mkono, akala kiapo, akatia saini, mizinga ikapigwa. Kila mzinga ulipolia Cheche aliona kamera ikitikisika na akamfikiria Bondia gizani, akisikia mlio bila kujua ni wa sherehe au ni wa kwake.

Kisha hotuba. Barabara, umeme, shule, mbolea. Cheche alikuwa amejiegemeza mbele mpaka nusu ya kiti ilikuwa hewani, simu kwenye mkono mmoja na rimoti kwenye mwingine. Rais alikunywa maji, akakunja karatasi aliyokuwa anaisoma.

"Na sasa," alisema, "kuhusu wageni waliomo nchini mwetu. Nasema haya mbele ya Mungu na mbele ya kiapo nilichokula sasa hivi. Nitawashika—"

Na hapo picha ikakatika.

Haikukatika kwa Cheche peke yake. Umeme ulikatika kwenye mtambo wa kurushia matangazo, na kila mahali dunia hii palipokuwa na mtu anayetazama, kuanzia ukumbi ule wenye soda hadi viwambo vya barabarani, palibaki weusi. Rais aliendelea kusema uwanjani kwa walioketi karibu. Wengine wote waliachiwa neno moja mkononi, kila mtu alimalizie mwenyewe.

Mheshimiwa alilimalizia. Aliruka kitini, akapiga makofi, akageuka nyuma huku meno yote nje, akamtazama Cheche machoni.

"Shika hao! Wote ndani leo!"

Kiti alichokuwa amekikalia Cheche kilifika ukutani chenyewe. Alimpiga Mheshimiwa kwa rimoti kwanza, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi, na rimoti ikapasuka kwenye shavu na betri zikaruka. Halafu alimpiga kwa ngumi, ile ya kulia aliyofundishwa na kaka yake nyuma ya nyumba, inayoanzia kisigino. Meno ya mbele ya Mheshimiwa yaliachia. Wenzake walimrukia Cheche, mmoja akamvuta nywele, mwingine akamkita goti la tumbo. Alimng'ata wa nywele kwenye kiganja mpaka akasikia chumvi. Mtu alivunja kiti cha plastiki mgongoni kwake na mguu wa kiti ukamchana nyuma ya sikio. Ilikuwa patashika nguo kuchanika, na nguo zilichanika kweli: tai ya Mheshimiwa ilibaki mkononi mwa Cheche naye alikuwa anaivuta, anaivuta, na macho ya yule kijana yalikuwa yameanza kugeuka. Wenzake walimpiga kwenye viganja kwa kiatu mpaka akaiachia. Kushika huko ndiko alikokuwa anakuweza.

Alipochomoka alikimbilia chumba cha kufulia, akapiga komeo, akakaa chini kati ya mashine mbili zilizokuwa zinatetemeka. Nje walikuwa wanapiga mlango kwa mabega. Damu ilikuwa inamwingia jichoni. Akapiga simu. Bondia alipokea kabla haijalia vizuri.

"Kaka, amesema atawashika. Toka."

Bondia alikuwa mtu wa kupima, huyo, hata ulingoni alikuwa anaanza kwa kutazama miguu ya mwenzake.

"Amesema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Nimesikia kwa masikio yangu. Toka sasa hivi, kaka, usingoje."

"Haya," alisema Bondia. "Mwambie mama niko njiani."

Tazama jambo hili lilivyo baya. Alichosema Cheche kilikuwa kweli tupu. Hakuongeza, hakupunguza. Na huyu ni msichana ambaye nyumbani kwao "shika" lilikuwa neno la kuokoa mtu. Mama yake alikuwa hai kwa sababu ya neno hilo. Katika watu wote waliokuwa wakitazama siku ile, kama kuna mmoja aliyestahili kulisikia kwa wema, ni yeye. Lakini alilisikia kama Mheshimiwa alivyolisikia, na kama walivyolisikia wenye marungu barabarani.

Walinzi wa chuo walivunja mlango, wakamtoa kwa kwapa. Walimpeleka kwenye chumba chao karibu na lango, chumba chenye meza moja na benchi mbili, na kwa ujinga wao wakamweka Mheshimiwa kwenye benchi ya pili, wangoje gari la wagonjwa na mkuu wa bweni. Mheshimiwa alikuwa ameshikilia taulo mdomoni, imeshalowa. Hakumtukana Cheche. Alikuwa anatazama simu yake na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetapeliwa.

"Hukusikia mwisho wake," alisema ndani ya taulo, kwa shida. "Hata mimi sikusikia."

Akaigeuza simu, akaisukuma mezani. Matangazo yalikuwa yamerudi, na walikuwa wanarudia kile kipande kizima. Rais yule yule, karatasi ile ile iliyokunjwa.

"Nitawashika mkono, mmoja mmoja, mpaka hofu iwatoke. Nimewaachia vijana wangu wakaimba mno, nami nikakaa kimya, nalo ni kosa langu. Lakini kuanzia sasa atakayemgusa mgeni amenigusa mimi."

Mheshimiwa alisema Rais amewasaliti. Alikuwa anatema damu na kulaumu kwamba amewasaliti, mzee mzima, mbele ya jeshi. Cheche hakumsikia. Alikuwa anapiga simu. Iliita mpaka ikajikatia. Akapiga tena, ikaita. Mlinzi alitaka kumnyang'anya, akaona uso wake, akaacha. Alipiga mpaka yule mama wa mtandao wa simu akaanza kusema kwamba simu unayopiga haipatikani, na hapo Cheche akaanza kuubamiza uso wake mezani, akaubamiza tena, mpaka walinzi wakambana mikono ubavuni. Mlinzi mmoja, mtu mzima asiyejua neno hata moja la lugha yake, alimzungushia mikono yake akaganda naye hivyo hivyo mpaka pumzi zikamwishia.

Kilichotokea huko kilikuja kujulikana kwa vipande, kingine kwa mama, kingine kwa Mzee Rangi, na kingine kwa Bondia mwenyewe, ambaye hupenda kusimulia sehemu za kuchekesha tu.

Alipasua bati la nyuma ya chumba cha rangi kwa nyundo yake ya kazi, akapanda ukuta, akatua kwenye uchochoro. Njia ilikuwa nyeupe. Watu wote walikuwa kwenye viwambo, na kama picha isingekatika wangebaki hapo wakisikiliza. Lakini kwenye kibanda kimoja cha chai karibu na njia ya mpakani, vijana walikuwa wamesikia "Nitawashika" na kuona weusi. Wakaangaliana. Rais ameshaapa na ameshasema, sasa wanangoja nini? Walivingirisha matairi barabarani, wakachukua mapanga, wakaanza kumsaidia Rais kazi. Bondia alikata kona akawakuta.

Mmoja wao alikuwa amewahi kuleta gari lake gerejini. Alimtambua. Hata hakuwa na chuki sana, Bondia anasema, alisema kwa furaha tu kama mtu aliyeona rafiki: huyu ni yule fundi bodi, yule mgeni. Bondia alimlaza huyo kwanza. Wa pili alimvunja taya, alisikia kabisa. Wa tatu alikuwa na panga, na hapo mazoezi ya miaka yote yakamponza, kwa sababu bondia akiona kitu kinakuja usoni mkono hupanda wenyewe kukinga. Mkono wa kulia ukapanda. Panga likaushukia chini ya kiwiko, likaingia mpaka kwenye mfupa na kupita.

Hapo, kwa mujibu wake mwenyewe, alirudi kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba yao. Hakurudi nyuma. Aliingia ndani, akamzungushia yule kijana mkono wa kushoto, akambana na panga lake kifuani, akaweka kidevu begani mwake na kuganda. Walianguka chini pamoja. Wengine walimkita mateke ya mbavu, ya figo, ya kichwa, lakini mapanga waliogopa kuyatumia wasije wakamkata mwenzao. Yule kijana alikuwa anamlilia aachie. Bondia hakuachia, hadi lori la askari wa mpakani lilipofika na risasi zikapigwa juu, na ilibidi askari wawili wamfungue vidole.

Hospitalini walimaliza kuukata ule mkono, kwa sababu ulikuwa umeshikwa na ngozi tu.

Gereji haikuguswa. Kesho yake Mzee Rangi alikwenda na chakula cha moto, akiwa amesikia hotuba yote na moyo wake mweupe, akasogeza basi dogo, akafungua mlango, akakuta mwanga unaingia kwenye bati lililopasuka. Alikaa chini na bakuli lake kwenye mapaja. Aliulizia hospitali zote mpaka akampata.

Cheche alifukuzwa chuo. Mkuu wa chuo alisema kwa masikitiko kwamba mkono wake wa kuchomelea ulikuwa haujapata kuonekana, ila mikono yake mingine chuo hakiiwezi. Yeye hakujitetea. Alirudi nyumbani na kovu nyuma ya sikio na kinyago chake cha kuchomelea, akamkuta kaka yake uani kwa mama, amekonda, mkono wa shati umefungwa fundo chini ya kiwiko cha kulia. Alijiandaa njia nzima, kwenye ndege na kwenye basi, atakavyopiga magoti. Bondia hakumpa nafasi. Alimkumbatia kwa mkono wake mmoja, akasema amenenepa, akamuuliza kama huko ng'ambo kulikuwa na samaki wa maana.

Na utani aliuanzisha yeye mwenyewe. Wageni wakija kumpa pole, wameinamisha vichwa, hawajui pa kutazama, yeye anawaambia kwamba Rais wa jirani aliahidi kumshika mkono, na sasa anangoja aje amuulize: upi? Watu hucheka mpaka machozi yawatoke, kwa kuwa amewapa ruhusa. Mama hucheka pia. Cheche kila mara huinuka kwenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa, na siku moja aliibana sahani ikavunjika ikamkata kiganja.

Bondia alifungua gereji yake hapo hapo uani. Watu walimwambia ana wazimu. Kunyoosha bodi ni kazi ya mikono miwili: mmoja unapiga nyundo kwa mbele, mwingine umeshikilia chuma kizito kwa nyuma ya bati ili kikinge pigo, bila hivyo unaongeza mabonde tu. Yeye alikuwa amebaki na wa kushoto, na huo ulikuwa bado mjinga. Kwa hiyo Cheche alikuwa mkono wa pili. Kuchomelea alichomelea yeye, na kunyoosha walinyoosha wote wawili, kaka akipiga kwa nje, dada amejipenyeza ndani ya gari na chuma chake. Hawazungumzi sana wakiwa kazini. Neno ni moja tu, na analisema Bondia kabla ya kila pigo.

Mchana mmoja kazi ilikuwa mlango wa gari la teksi, umegongwa ukaingia ndani. Jua lilikuwa kali, bati linaunguza. Cheche alikuwa amepiga magoti ndani ya gari, mkono wake na chuma viko nyuma ya bonde, na kupitia kwenye tundu la dirisha aliona lile fundo la shati likicheza hewani. Mkono usiokuwepo ulikuwa bado unataka kusaidia kila nyundo ilipoinuka. Basi maneno yakamtoka tu, bila maandalizi yote yale ya kwenye ndege.

"Kaka. Ni mimi niliyekutoa mle ndani."

Nyundo ilibaki juu. Mama, aliyekuwa akianua nguo, alisimama na shuka mkononi.

"Najua," alisema Bondia. "Shika."

Akapiga. Mkono wa kushoto, mjinga ule, ulikosea. Nyundo ilipita kwenye ukingo wa mlango, ikatua kwenye vidole vya Cheche vilivyokuwa vimekikumbatia chuma. Ilisikika hadi kwa mama. Ukucha mmoja ulipasuka katikati na damu ikaanza kushuka kwenye bati jekundu la teksi, isionekane vizuri. Cheche yule, mwenye mkono mwepesi, aliyewahi kumvunja mtu pua kwa kukanyagwa tu, alifumba macho. Chuma hakukiachia.

Bondia aliinama akachungulia dirishani. Kwa mara ya kwanza tangu arudi hakuwa na utani wowote.

"Nimekuumiza?"

"Nimeshika," alisema Cheche. "Piga, kaka."